William Primrose na njia ya mpiga viola hadi mbele ya okestra

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokuja na ala zenu kutoka Korogocho, Kibra na kwingineko hapa Nairobi, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nizungumzie maisha ya mpiga solo wa viola, ile ala ya nyuzi inayofanana na fidla lakini kubwa kidogo na yenye sauti ya chini zaidi, nami nimemchagua William Primrose, kwa kuwa maisha yake yanajibu swali ambalo kijana anayekabidhiwa viola katika okestra zetu hukosa wa kumuuliza: je, ala hii yaweza kumfikisha mtu mbele ya jukwaa, au kazi yake ni kujazia tu?

Swali hilo lina uzito. Katika okestra viola hukaa mahali pa alto katika kwaya: wasikilizaji wengi hawaitambui mpaka inyamaze. Isitoshe, ili kisanduku chake kilingane sawasawa na noti zake za chini, urefu wake ungepaswa kuzidi sentimita 50, na mkono wa mtu haungeimudu ikiwa imeshikwa kwa kidevu. Mafundi huridhika na sentimita 40 hadi 43 hivi. Upungufu huo ndio unaoipa viola ile sauti yake ya kiza kidogo, na ndio unaomtaka mpigaji auvute uta kwa uzito zaidi kuliko mwenzake wa fidla, akiupa ule uzi mnene wa chini nafasi ya kuitika kabla ya kuudai nguvu.

Primrose alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1904, mtoto wa mpiga fidla, naye akafunzwa fidla tangu utotoni. Baada ya masomo ya London alikwenda Ubelgiji kwa bingwa wa fidla Eugène Ysaÿe, ambaye alimshauri ahamie kwenye viola. Mwaka 1930 alijiunga na London String Quartet akiwa mpiga viola, na fidla akaiweka kando. Naomba mlitazame jambo hilo kwa makini, kwa sababu enzi hizo viola ilidhaniwa kuwa kimbilio la walioshindwa na fidla, na mpiga viola Mwingereza Lionel Tertis, aliyezaliwa mwaka 1876, alikuwa ametumia miaka mingi kupigana na dharau hiyo. Primrose hakushindwa na fidla. Alihama akiwa bado anaimudu, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo cha ujasiri kuliko vyote katika maisha yake.

Mwaka 1937 aliingia katika okestra ya redio ya NBC huko New York, chini ya kondakta Arturo Toscanini, akatoka mwaka 1941 na kujitosa katika kazi ya solo. Hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza, kwa sababu mpiga fidla anayetaka kusimama peke yake hukuta konseto, yaani kazi za mpiga solo mmoja akiwa na okestra, za Beethoven, Brahms na Tchaikovsky zikimngoja, ilhali hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeandikia viola konseto. Mpiga viola hana budi kuwaendea watunzi awaombe.

Primrose alimwendea Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria aliyekuwa akiishi uhamishoni New York, mgonjwa na mwenye dhiki. Mnamo Septemba 1945 Bartók alimwandikia kwamba rasimu ya konseto ilikuwa tayari, ikabaki tu kuandika sehemu za okestra. Tarehe 26 ya mwezi huohuo akafariki. Rafiki yake Tibor Serly alikuta kurasa zisizo na namba, masahihisho yamerundikana juu ya masahihisho, akalazimika kuamua kipi kinafuata kipi kabla ya kupanga noti za okestra. Kazi hiyo ilichukua miaka, na Primrose aliipiga kwa mara ya kwanza huko Minneapolis tarehe 2 Desemba 1949. Leo sidhani kama yuko mpiga solo wa viola anayeikwepa. Mwaka uliofuata Benjamin Britten naye alimwandikia kazi inayoitwa Lachrymae, wakaipiga pamoja, Britten akiwa kwenye piano.

Kazi hizo mbili alizipiga huku usikivu wake ukiwa umeanza kudhoofika tangu mwaka 1946. Baadaye alifundisha Indiana, Tokyo, na hatimaye Provo, Utah, alikofariki mwaka 1982. Huko ndiko ilikohifadhiwa hazina kubwa ya maandiko ya muziki wa viola yenye jina lake.

Sisi tuna watunzi hapa Nairobi. Wengi wao huandikia kwaya, na wanaijua orutu ya Waluo na wandindi ya Wakikuyu, ala zinazopigwa kwa uta zilizokuwapo kabla viola haijafika kwetu. Nawasihi vijana wa viola mwaendee, mwaeleze uzi wenu wa chini unaweza nini na haupendi nini, kisha muombe kazi ya dakika tano tu. Msisubiri mtu mwingine awaombee.

Baada ya chai tutasikiliza konseto ya William Walton, katika rekodi ambayo Primrose aliifanya mwaka 1946 mtunzi mwenyewe akiongoza okestra. Wenye viola msizifungie, kwani nitataka tujaribu pamoja ule mstari wa mwanzo.