Hadithi Zinazosomwa Kabinini: Mhadhara kwa Waandishi Chipukizi, Mbeya

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, wazazi mliokuja na watoto, na nyie madereva niliowaona mkiingia kwa mlango wa nyuma, karibuni sana. Nimeombwa nieleze nimetokea wapi, mawazo nayatoa wapi, na hizi hadithi za kwenye simu naziandikaje. Nitayagusa yote, ila nitakaa zaidi kwenye jambo moja kwa sababu ndilo lililonifundisha mengine. Hadithi zangu nyingi hazisomwi kimya. Mtu anamsomea mwenzake kwa sauti, ndani ya kabini ya lori, injini ikiwa inanguruma.

Nilikuwa utingo. Kwa watoto wasiojua, utingo ni msaidizi wa dereva: anakaza turubai, anaweka jiwe chini ya tairi lori likisimama mlimani, anapika, analala na mzigo. Barabara yetu ni hii hii inayopita hapa. Inatoka Dar es Salaam, inapanda Kitonga, inapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, inakwenda Mafinga na Makambako, inateremkia Igawa na Chimala, inaingia Mbeya kwa Uyole. Kisha Mbalizi, Mlowo, Vwawa, mpaka Tunduma, na huko malori yanajipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Foleni ikikamata, mtu anafanya nini? Anaongea. Niliyoyasikia kwenye foleni ile, nikiishi miaka mia sitayamaliza kuyaandika.

Dereva niliyefanya naye kazi muda mrefu alipenda sana hadithi za mfululizo za magazetini. Wakati huo kina Eric Shigongo walikuwa na wasomaji kila stendi ya nchi hii. Mzee akinunua gazeti Makambako ananikabidhi mimi, kwa sababu yeye kashika usukani, anasema, "Haya, soma." Nami nasoma. Nikifika mahali pagumu ananikatiza: "Rudia. Hapo nani kasema?" Nikirudia mara ya pili na bado hajaelewa, anakasirika, na hanikasirikii mimi, anamkasirikia aliyeandika. "Huyu hajawahi kusimulia mtu," anasema.

Kauli ile naiheshimu mpaka leo. Darasani nilifundishwa mhusika, mandhari na dhamira, na nawashukuru walimu walionifundisha. Lakini kabinini ndiko nilikosikia kwa masikio yangu mahali sentensi inapokufa. Sentensi ndefu yenye "ambaye" tatu, lori likiwa linapanda Mlima Nyoka, haifiki. Jina la msemaji likija mwisho wa maneno yake, msikilizaji ameshampa maneno yale mtu mwingine. Wahusika wawili wakiitwa Joni na Joni Mdogo, au Neema na Naima, mzee anawachanganya kabla hatujafika Inyala.

Kuna safari tulikosa gazeti. Kipande cha wiki iliyotangulia kilikuwa kimemwacha binti amesimama mlangoni na barua mkononi. Mzee akaniuliza barua ile imeandikwa nini. Nikamwambia sijui, gazeti hatunalo. Akaniambia, "Basi endelea wewe." Nikaendelea mimi. Nilipopata simu yenye intaneti nikaanza kuandika vya kwangu, nikawa navituma kwenye kundi la WhatsApp la madereva na matingo, jioni, wakati malori mengi yamepaki na watu wanasubiri ugali uive. Siku hizi nauza spea hapa Mbalizi, sipandi tena lori, lakini saa ya kutuma haijabadilika.

Sasa, mawazo. Watu wengi wa huku kwetu wakianza kuandika, mhusika wao anaishi Masaki, ana gari jeusi na mlinzi getini. Mwandishi mwenyewe hajawahi kufika Masaki. Naomba niseme kwa moyo wangu wote: tunaacha mali nyingi mno nyumbani. Tuna Ziwa Ngosi juu ya mlima, na simulizi za jinsi lilivyohama kutoka kwingine likaja kukaa pale. Tuna Masoko kule Rungwe, ziwa ambalo wazee husema Wajerumani walitupa mali zao ndani yake. Tuna Kimondo cha Mbozi, chuma kilichotoka angani. Wazee wa Kinyakyusa watakusimulia habari za zamani za vijiji vya rika, vijana wa umri mmoja kujenga na kuishi pamoja, mbali na nyumba za baba zao. Hebu fikiria hadithi inayoanzia kwenye kijiji cha namna hiyo! Sijaona aliyeiandika vizuri kwenye simu, na ningeisoma usiku kucha.

Lakini lililonishika mimi kuliko yote liko Iringa.

Kati ya Ilula na Iringa kuna mahali panaitwa Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski lilikuwa kwenye msafara pale, na wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wakalivamia. Zelewski akafa palepale. Mwaka 1894 Wajerumani wakarudi wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akawahangaisha mpaka 1898, akajiua kwa risasi ili wasimkamate. Kichwa chake kikachukuliwa. Hayo mnayajua kutoka shuleni.

Ambalo mimi sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima ni hili: Mkataba wa Versailles, ule uliofunga hesabu za Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1919, umejaa mipaka, reli, meli na fidia za mataifa makubwa, halafu kwenye kifungu cha 246 unasimama na kuiagiza Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mkwawa. Ikapewa miezi sita. Miezi sita ikapita, miaka ikapita, vita vingine vikuu vikaja vikaisha. Ni mwaka 1954 ndipo fuvu liliporudi Uhehe, baada ya gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kwenda Bremen kwenye makumbusho yenye mafuvu mengi, na moja kuchaguliwa kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya watu wa ukoo. Leo liko Kalenga.

Nilipoyasoma hayo sikutamani kuandika habari za vita. Wapo wanaostahili kuiandika kuliko mimi. Nilikaa nikiwafikiria waliobaki nyumbani. Miaka 56, watu wanajua mpendwa wao hajakamilika kaburini. Watoto wanazaliwa, wanaambiwa, wanakua, wanawaambia wengine. Mahindi yanapandwa kila mwaka. Mtu anasubirije kwa muda wote huo?

Swali hilo nikalileta barabarani kwetu, kwa sababu kusubiri ninakujua. Nikaandika hadithi ya familia ya Mlowo ambayo dereva wao amefia ng'ambo ya mpaka, na mwili haurudi. Karatasi hii inataka muhuri wa ofisi ile, ofisi ile inamtaka ndugu wa damu, ndugu wa damu hana nauli. Kipande baada ya kipande mwili unazidi kuchelewa. Nilituma nikiogopa kwamba madereva watachoka, kwa kuwa hakuna bastola wala kufukuzana.

Hawakuchoka. Majibu yalikuja mengi kuliko hadithi nyingine yoyote niliyowahi kutuma, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka mlishike. Wengi waliniomba dereva awe hai. Walisema iwe wamekosea mtu, afike mlangoni siku ya matanga. Niliyapenda maombi yale kwa sababu yametoka kwenye upendo. Sikuyafuata. Kwenye kundi lile kulikuwa na watu ambao yaliwakuta kweli, na kwao hakuna aliyefika mlangoni. Kumfufua yule dereva kungekuwa kuwadanganya mbele za watu.

Lakini mama mmoja, mke wa dereva, alileta swali, hakuleta ombi. Aliuliza: "Simu ya msiba aliipokea nani?" Mimi nilikuwa nimeandika tu kwamba taarifa ilifika. Swali lake likanikalisha. Simu ya namna hiyo haimfikii mke kwanza. Inapigwa kwa tajiri wa lori, tajiri anampigia dereva mwenzake, dereva mwenzake anamtafuta shemeji, na shemeji anakaa nayo mchana kutwa akizunguka Mlowo, hajui aingieje ndani. Vipande vilivyofuata vyote vilimhusu shemeji yule na mchana wake ule. Ndivyo vilivyosomwa kuliko vyote.

Tangu hapo kazi naifanya hivi. Msomaji akiniambia nini kitokee, namshukuru na naendelea na safari yangu. Akiniuliza swali, naliandika kwenye daftari. Bibi zetu walifanya hivyo hivyo jikoni. Akisema "Hadithi, hadithi" na watoto wakaitika "Njoo", hakuwa anawaomba ruhusa ya kubadilisha mwisho. Alikuwa anasikia nani yuko macho, nani kaogopa, nani hajaelewa, kisha anakaza au analegeza. Sisi tunaoandikia simu tumerudishiwa kile kiitikio, na nawaambia waandishi wenzangu kwamba ni bahati kubwa. Mwandishi wa kitabu anaweza kusubiri mwaka kabla ya kusikia neno. Mimi nasikia kabla sijalala.

Mwanafunzi mmoja aliniandikia kabla ya leo akitaka kujua ratiba. Sina ratiba ya ajabu. Nikifunga duka naelekea nyumbani kwa miguu, na njiani nakisimulia kipande kwenye simu kwa sauti, kama naongea na mtu. Sianzi kuandika kabla ya kusimulia. Usiku nasikiliza ile sauti na kuandika, na pale nilipokwama njiani huwa nafuta kabisa, kwa sababu kama nimeshindwa kulisema, utingo atashindwa kulisoma. Mwezi wa sita na wa saba, mnajua baridi ya huku, naandika nikiwa ndani ya blanketi karibu na jiko.

Kipande nakipima kwa barabara. Kisizidi mwendo wa kutoka Chimala hadi Igurusi kwa lori lenye mzigo. Kila kipande, sentensi za mwanzo zinamkumbusha aliyekosa: yuko wapi, na nani, anataka nini. Na sikati kwenye mlio wa risasi. Nakata pale ambapo mtu amebakiwa na uamuzi wa kufanya, ili dereva na utingo wabaki wakibishana angefanya nini. Wakibishana mpaka mzani wa mbele, kipande kimefanya kazi yake.

Daftari ni la lazima. Umri, majina ya watoto, rangi ya kanga, namba ya lori. Madereva hawasahau. Ukisema lori ni la tairi kumi na nane leo, kesho usije ukalipunguza.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Sijaacha duka, na sioni haya kuitwa mwandishi asiye na malipo. Wapo wanaochukua hadithi za watu, wanafuta jina na kuweka lao, na inaumiza. Jueni kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaitambua kazi yako kuwa yako tangu ulipoitunga, kwa hiyo tunzeni tarehe na nakala za mwanzo. Na mwenye mswada mrefu auangalie mwaliko wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wanapata fedha, na kazi ya mshindi wa kwanza inachapishwa. Ningefurahi sana jina la mtu wa Nyanda za Juu Kusini likisomwa pale.

Muda uliobaki nisingependa niumalize kwa kuongea peke yangu. Dada wa mstari wa tatu, mwenye daftari la bluu, nimeona umekuwa ukiandika tangu nilipotaja Lugalo. Ukiwa tayari, njoo mbele, ila usisome mwenyewe. Mpe daftari kijana aliyekaa pembeni yako, asome yeye kwa sauti, wewe usikilize. Na nyie madereva kule nyuma, msipoelewa, mkatizeni.