Albatrosi na Upepo wa Kusini

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika jioni hii. Wengi wenu mmewaona korongo wakubwa wanaokaa juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo. Jua likishaipasha ardhi moto, hupanda kwa kuzunguka ndani ya hewa inayoinuka, bila kupiga mabawa. Albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, hawezi kuitegemea hewa ya namna hiyo katika bahari baridi za kusini. Tegemeo lake ni upepo wenyewe.

Upepo wa baharini hauna kasi moja. Karibu na maji hupunguzwa na msuguano wa mawimbi, na mita kumi hivi juu yake huwa na nguvu zaidi. Albatrosi hupanda akiuelekea upepo, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyokutana na upepo mkali zaidi unaomwinua. Akifika juu hugeuka, akateremka huku upepo ukimsukuma kutoka nyuma, ncha ya bawa ikikaribia kugusa wimbi, kisha akageuka tena na kupanda. Begani ana ukano unaolifunga bawa likiwa limenyooka, kwa hiyo misuli haichoki kulishikilia. Watafiti waliopima mapigo ya moyo wake walikuta kwamba anapoelea hivyo, moyo hupiga karibu sawa na anapopumzika.

Mabawa ya spishi iliyo kubwa kuliko zote hufikia mita 3.5 kutoka ncha hadi ncha. Mwaka 1990 watafiti Pierre Jouventin na Henri Weimerskirch walieleza safari za ndege hao kutoka visiwa vya Crozet, kusini mwa Bahari ya Hindi, waliofuatiliwa kwa setilaiti: katika safari moja ya kutafuta chakula, huku mwenzi akiatamia yai, ndege alisafiri kati ya kilomita 3,600 na 15,000. Pwani yetu hatuna bahati ya kuwaona, kwani karibu na ikweta upepo hulegea, na hata wavuvi wetu wanajua jinsi bahari inavyotulia wakati wa maleleji.

Ndege huyu hutaga yai moja tu, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na kinda hukaa kiotani takriban miezi tisa. Uzazi wa polepole kiasi hicho huwezekana kwa sababu mzazi huishi miaka mingi. Wisdom, albatrosi wa spishi nyingine aliyevishwa pete ya utambulisho kisiwani Midway, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 1956 akiwa tayari mkubwa, alitaga tena mwaka 2024.

Ndiyo maana mishipi mirefu ya kuvulia jodari, yenye maelfu ya ndoana, inanitia uchungu. Albatrosi huona chambo kikielea nyuma ya meli, hukimeza, ndoana ikamvuta chini akazama. Na mzazi akifa, mwenzi peke yake hawezi kumlea kinda. Dawa inajulikana: kutupa mishipi usiku, kuitia uzito izame haraka, na kufunga nyuma ya meli kamba zenye riboni za kuwatisha ndege. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama wake, imezitaka meli zinazovua kusini mwa latitudo ya nyuzi 25 Kusini kutumia angalau njia mbili kati ya hizo. Kwa hiyo wajumbe wetu wana haki ya kuuliza katika kila kikao ni meli zipi zinatii, na nani amekwenda baharini kuthibitisha.