Mzee hapimwi kwa saa ya ukutani

Shikamooni wakubwa, vijana, mambo. Mlionisikia mwaka jana hapahapa Arusha mtavumilia. Nitarudia yaleyale mpaka muache kuangalia saa.

Nikiwa bado mgeni wa kazi, hospitali moja nisiyoitaja, nilimlaza kwa dawa ya usingizi babu wa Marangu, anapasuliwa henia. Nilimpa vekuroniamu, dawa ya kulegeza misuli. Saa nzima ikapita, mfuko wa kupumulia unacheza, anapumua mwenyewe. Nikatoa mpira kooni, nikaenda kunywa chai. Chai yenyewe sikuimaliza. Babu macho wazi, taya limelegea, mate yanachuruzika shavuni. Ananyoosha mkono anishike koti, unaanguka. Oksijeni inashuka. Nikasema ni maumivu, leteni pethidini! Nesi mmoja mtu mzima akaniuliza taratibu, “Daktari, dawa ya kurudisha misuli ulimpa?”

Sikumpa. Tukampa neostigmini, ndiyo hiyo ya kurudisha misuli, na atropini ya kulinda mapigo ya moyo, nikambania maski nikikamua mfuko mpaka akakohoa. Kesho yake akaniambia, “Nilikuwa nawasikia wote.”

Kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, kinaamka mapema, misuli ya koo inachelewa. Ndiyo maana mfuko ulinidanganya. Na mzee ini na figo zake zinaiondoa dawa polepole. Mtasema kreatinini yake, kile kipimo cha damu cha figo, ilikuwa nzuri. Kreatinini inatoka kwenye misuli, jamani! Babu mwenye mapaja kama fito ataitoa wapi? Tena damu yake inazunguka taratibu, dawa inachelewa kushika, na ninyi wenye haraka mnaongeza dozi. Halafu mnashangaa haamki.

“Hatuna mashine ya kupimia misuli.” Nimelisikia hilo Moshi, nimelisikia hapa. Kile kifaa cha kushtua neva kinakaa mfukoni, kinatumia betri. Mishtuo minne kwenye kifundo cha mkono, unaangalia kidole gumba kinavyoruka. Ila msijidanganye: mruko wa nne ukifika asilimia 40 ya nguvu ya ule wa kwanza, jicho linaona yote sawa, na sisi tunataka 90. Kwa hiyo hata ukiona sawa, mpe dawa ya kurudisha misuli. Na neostigmini inataka kama dakika 10 ifanye kazi. Ninyi dakika ya pili mpira mshauvuta.

Atrakuriamu, nayo ya kulegeza misuli, haitegemei sana figo, inavunjika yenyewe kwenye damu, lakini mgonjwa akipoa nayo inachelewa, na baridi ya Julai ya hapa mnaijua, mfunikeni mzee. Sugamadeksi, dawa nyingine ya kurudisha misuli, nilitaka… naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mimi! Saa!