Kufutwa Kazi kwa Sababu ya Usaili: Mwajiri wa Marekani Anaishia Wapi?

SALIM: Hamjambo wasikilizaji, popote mlipo. Mimi ni Salim, tuko Minneapolis, hapa jimbo la Minnesota, kama kawaida. Dada Nyaboke, leo umekubali kulisema jambo ulilolibana moyoni zaidi ya mwaka.

NYABOKE: Nimekubali, kaka. Nilipigwa kalamu.

SALIM: Sisi kule Tanga tunasema kibarua kimeota nyasi.

NYABOKE: Basi changu kiliota nyasi jioni moja tu. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nje kidogo ya mji, zamu ya usiku, miaka minne. Siku yangu ya mapumziko nikaenda usaili mahali pengine, karibu na nyumbani, dola 2 zaidi kwa saa. Kwenye fomu niliandika wazi kwamba mwajiri wangu wa sasa asipigiwe simu. Wakampigia. Ijumaa naingia zamu, meneja ananisubiri mlangoni. Akasema, "Tumesikia unatafuta kazi kwingine, basi nenda." Nikavua kitambulisho nikatoka. Sikuuliza swali hata moja. Kuna bibi mmoja niliyekuwa namnywesha uji kila alfajiri, hata kumuaga sikumuaga.

SALIM: Pole sana, dada. Na ile kazi mpya?

NYABOKE: Akapewa mwingine. Na kanisani watu wakaniambia, mshika mbili moja humponyoka. Hilo liliniuma kuliko maneno ya meneja. Mimi sikushika mbili, Salim. Nilishika moja, nikatazama nyingine siku ambayo si ya mwajiri.

SALIM: Ulidhani wamevunja sheria?

NYABOKE: Nilikuwa na hakika! Nikaenda kwa wakili wa msaada wa sheria, mama mpole sana, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kufukuzwa kwa sababu ya usaili, kwa jambo hilo peke yake, si kosa kisheria hapa. Mwajiri anaweza kukuachisha wakati wowote, kwa sababu nzuri, mbaya, au bila sababu, na wewe unaweza kuacha wakati wowote. Wanaiita ajira ya hiari.

SALIM: Hiari ya nani, ndipo mtu anapouliza. Wasikilizaji, kanuni hii ina historia. Mwaka 1877 mwandishi wa sheria aitwaye Horace Wood aliandika kwamba mtu akiajiriwa bila muda uliotajwa, ajira hiyo inaweza kukatishwa siku yoyote. Mahakama zikaipokea, jimbo baada ya jimbo. Mwaka 1884 kukawa na kesi Tennessee. Kampuni ya reli iliwatangazia wafanyakazi wake wa Chattanooga kwamba atakayenunua kitu kwenye duka la mtu aitwaye Payne atafukuzwa. Payne akashtaki, akashindwa. Mahakama ikasema mwajiri anaweza kumwachisha mtu hata kwa sababu isiyo ya haki kimaadili.

NYABOKE: Kwa hiyo mahakama yenyewe ilijua si haki.

SALIM: Ilijua na ikaandika.

NYABOKE: Ndiyo maana sisi tuliotoka nyumbani tunachanganyikiwa. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayekufuta kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, halafu akusikilize. Akishindwa kuithibitisha ile sababu, amekufuta isivyo haki, na mahakama inaweza kumwamuru akulipe hadi mishahara ya miezi 12.

SALIM: Tanzania nako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki. Usiporidhika unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Ningependa kumwona bosi akisimama pale aeleze kwamba usaili wa siku ya mapumziko ni kosa! Ingawa tuseme kweli, kuna vijana wengi nyumbani wanafanya kazi bila karatasi yoyote, na kwao sheria hizi ziko mbali kama mwezi.

NYABOKE: Kweli kabisa. Na hapa Marekani ni jimbo moja tu, Montana, lililojitoa kwenye hiyo ajira ya hiari. Tangu 1987, mtu akimaliza muda wa majaribio, lazima mwajiri awe na sababu ya maana. Sisi wengine wote tunategemea mipaka ambayo sheria imemwekea mwajiri.

SALIM: Haya, tuingie kwenye mipaka. Hapo ndipo wengi wetu tunakata tamaa mapema.

NYABOKE: Mimi nilikata siku ile ile. Nilisikia "wanaweza kukufukuza kwa sababu yoyote" nikaelewa yoyote kabisa. Siyo. Hawawezi kukufukuza kwa rangi yako, dini, jinsia, au nchi uliyotoka. Hiyo ni sheria ya 1964, kwa waajiri wenye watu 15 na kuendelea. Hawawezi kwa ulemavu, wala kwa umri ukiwa na miaka 40 na zaidi. California mwaka 1959 mahakama ilimtetea mtu aliyefukuzwa kwa kukataa kusema uongo mbele ya kamati ya bunge la jimbo, na majimbo mengi yakaufuata mkondo huo. Na ukiwa na mkataba wa chama cha wafanyakazi, mara nyingi humo imeandikwa kwamba lazima awe na sababu ya haki ya kukufukuza.

SALIM: Lakini wewe ulifukuzwa kwa usaili, na usaili haumo.

NYABOKE: Haumo. Ngoja sasa. Wiki tatu kabla ya hapo, mimi na wenzangu wawili tuliandika barua kwa uongozi. Usiku tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee 30. Mzee anaanguka chooni, wewe uko chumba kingine unambadilisha mwingine. Tukasaini sote watatu. Yule wakili alipoisikia habari ya barua, aliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Ulifukuzwa lini?"

SALIM: Kwa nini aliuliza hivyo?

NYABOKE: Kwa sababu wafanyakazi wa sekta binafsi wakiungana kulalamikia hali ya kazi wanalindwa na sheria ya 1935, hata bila chama. Ila malalamiko hupelekwa ndani ya miezi 6. Mimi nilikuwa kwenye mwezi wa nane. Siwezi kuapa kwamba barua ndiyo iliyoniondoa, kaka. Lakini nafasi ya kulichunguza hilo niliikosa, na niliikosa kwa kunyamaza.

SALIM: Na hapa Minnesota ungeweza kudai sababu kwa maandishi.

NYABOKE: Ndiyo! Ndani ya siku 15 za kazi tangu uachishwe, unamwandikia mwajiri ukimtaka aeleze sababu ya kweli. Naye ana siku 10 za kazi kukujibu. Akishaiandika hawezi kuja na hadithi mpya kesho bila kuonekana. Mshahara uliobaki nao ukiudai, wana saa 24 kukulipa. Na ombeni mafao ya kukosa kazi, jamani! Kwenda usaili siku yako ya mapumziko si utovu wa nidhamu. Nililipwa mpaka nikapata kazi hii ya sasa.

SALIM: Wenye viza ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu, nao waangalie kalenda kwa makini zaidi, siku zao za kubaki nchini baada ya kuachishwa kwa kawaida hazizidi 60.

NYABOKE: Na msisaini karatasi yoyote mlangoni. Mtu akisukumiwa karatasi na kalamu huku analia, aseme naenda kuisoma nyumbani.

SALIM: Bado una hasira?

NYABOKE: Ninayo. Ila nimeipa kazi. Binti wa dada yangu, yuko Brooklyn Park, aliachishwa Jumatatu iliyopita, kwa habari hii hii ya usaili. Alikuja kwangu macho yamevimba. Nikamwekea chai, tukakaa mezani jikoni, tukaandika barua ya mistari sita. Jumatano tukaituma kwa posta ya kusainiwa, na risiti tumeibandika kwenye friji. Anahesabu siku, na kila jioni ananipigia simu kuniambia zimebaki ngapi. Jana zilikuwa saba.