Jumamosi saa kumi jioni: enzi ya mieleka katika runinga ya Uingereza

Watazamaji wangu wapendwa, natumaini hamjambo. Najua wengi wenu mnaifahamu mieleka kupitia Wamarekani, pamoja na fataki zao na majigambo ya kwenye maikrofoni. Hapa Wigan ninakoishi, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ukiwagusia wazee habari ya mieleka watakusimulia jambo jingine kabisa: Jumamosi, saa kumi jioni, kituo cha runinga cha ITV cha hapa Uingereza, na sauti tulivu ya mtangazaji Kent Walton.

Kuanzia mwaka 1965 hadi 1985 mieleka ilikuwa sehemu ya kipindi cha World of Sport, na ilipangwa kurushwa kabla tu ya kusomwa kwa matokeo ya mpira. Baba aliyekuwa akisubiri kukagua kuponi yake ya kubashiri mechi alikuwa ameshakaa sebuleni, watoto wapo, na bibi yupo kwenye kiti chake. Mabibi hao ndio waliokuwa mashabiki wakali kuliko wote, kwani huko kumbini walifikia hata kumchapa mwanamieleka mkorofi kwa mwavuli au mkoba alipopita karibu yao. Waafrika nao walionekana katika ulingo huo, miongoni mwao Honey Boy Zimba wa Sierra Leone na Masambula wa Gambia.

Ninachokipenda zaidi ni kanuni zake. Pambano liligawanywa kwa raundi kama ndondi, na kwa kawaida mshindi alikuwa yule aliyetangulia kupata pointi mbili, ama kwa kuyabana mabega ya mwenzake sakafuni, ama kwa kumbana kwa mshiko wenye maumivu mpaka akasalimu amri. Haikuruhusiwa kumshambulia mtu aliyelala chini. Mwamuzi alimsogeza mshambuliaji kando, akahesabu, na aliyeanguka akapewa nafasi ya kusimama. Mkorofi alipewa onyo la hadharani, na la tatu lilimtoa mchezoni. Matokeo yalipangwa, ndiyo, lakini kwa kuwa kanuni zilikuwa na uzito, hata hila ndogo ya mkorofi kama Mick McManus nyuma ya mgongo wa mwamuzi iliweza kuutibua ukumbi mzima.

Mtazameni Johnny Saint. Akishikwa kifundo cha mkono hatumii nguvu hata kidogo: anajiviringisha chini, anapita katikati ya miguu ya mpinzani, anainuka upande wa pili akiwa huru, kisha ananyoosha mkono kwa heshima ili wasalimiane. Wakati mwingine hujikunja katikati ya ulingo, kichwa na miguu vikifichwa ndani, na mpinzani anamzunguka asijue amshike wapi. Ustadi wa namna hii haukuzuka tu, kwa maana mieleka ya kushikana ilikuwa mchezo wa wachimbaji makaa ya mawe wa eneo hili hili la Lancashire, na hapa Wigan palikuwa na ukumbi wa mazoezi wa Billy Riley, ambao ulimkuza Billy Robinson na kuwavuta wageni kama Karl Gotch kuja kujifunza.

Lawama za kuzimwa kwa mieleka hutupiwa Greg Dyke, mkuu wa michezo wa ITV aliyeiondoa hewani mwishoni mwa mwaka 1988. Mimi naona ilikuwa imeanza kuumwa mapema zaidi. Max Crabtree, aliyekuwa akipanga mapambano, aliuweka mchezo wote juu ya kaka yake, Big Daddy, bwana mnene aliyependwa mno na watoto, lakini ambaye umri ulikuwa umekwenda na pumzi imepungua. Vijana wenye vipaji, akiwemo Davey Boy Smith wa Golborne, hapa jirani, waliwekwa upande wake katika mapambano ya wawili kwa wawili ili wapigwe kwanza, kisha mzee aingie na kumaliza kazi kwa tumbo. Pambano la Big Daddy na Giant Haystacks, jitu jingine nene, mjini London mwaka 1981 liliujaza ukumbi wa Wembley, nalo halikufika dakika tatu. Smith na binamu yake, Dynamite Kid, walikwenda kung'ara Kanada na Marekani. World of Sport ilipokufa, mieleka ilihamishwa-hamishwa saa, na familia ikapoteza miadi yake ya Jumamosi.

Nasikitika kwamba leo, enzi hiyo inapotajwa, kinachoonyeshwa ni matumbo mawili makubwa yakigongana. Mkitaka kuelewa wazee wa huku wanalilia nini, tafuteni kwanza pambano lolote la Johnny Saint na Jim Breaks wa Bradford, yule mlalamishi aliyegombana na mwamuzi na ukumbi mzima kwa pamoja. Litazameni lote, raundi kwa raundi, kisha mniandikie hapo chini ni wakati gani mliacha kujiuliza kama matokeo yamepangwa.