Helmeti ya Hoki: Kwanza Kichwa, Bei Baadaye

Mabibi na mabwana, wachezaji, na ninyi wazazi mliokaa nyuma mkiwa mmepakata helmeti za watoto, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua helmeti ya hoki ya barafuni, na msimamo wangu nautoa mapema: helmeti ya bei nafuu iliyokaa sawasawa inaishinda ya bei ghali inayochezacheza kichwani.

Siku hizi hakuna anayebishana kama ivaliwe au isivaliwe. Zamani walibishana, tena sana. Tarehe 13 Januari 1968 Bill Masterton, mchezaji wa timu ya Minnesota North Stars, alianguka chali, kichwa kikagonga barafu, na baada ya siku mbili akafariki. Hakuwa na helmeti. Hata hivyo NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, haikuweka sharti la kuvaa helmeti mpaka 1979, na sharti lenyewe liliwahusu wachezaji wapya wa ligi; wakongwe waliachiwa hiari yao. Wa mwisho kucheza kichwa wazi, Craig MacTavish, alistaafu mwaka 1997. Ukaidi wa wanaume nao una miaka yake!

Turudi kwenye vichwa vyetu. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kichwani kama sentimita 2.5 juu ya nyusi, ipite juu kidogo ya masikio, na nyuma ipite pale kisogo kilipojitokeza zaidi. Ukipata kipimo, kilinganishe na jedwali la mtengenezaji wa helmeti unayoitaka, maana saizi ya kati ya huyu si lazima iwe sawa na ya yule. Mwenye nywele nyingi au misuko apime akiwa na mtindo ule ule atakaochezea.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Futi inakuambia ukubwa, haikuambii umbo. Watu wawili wenye kipimo kimoja, mmoja kichwa chake kirefu na chembamba, mwingine cha duara. Helmeti ikikubana kwenye paji na kisogoni huku pembeni pamebaki uwazi, basi imetengenezewa kichwa cha duara kuliko chako. Ikikubana panjani huku mbele na nyuma pakiwa na nafasi, ni kinyume chake. Usiilazimishe, wala usimsikilize muuzaji anayekuambia itazoea. Jaribu ya mtengenezaji mwingine.

Unapoijaribu, kwanza ilegeze yote. Ivae ikae bapa, ukingo wa mbele uwe juu ya nyusi kwa upana wa kidole kimoja, halafu uikaze kidogo kidogo mpaka uhisi imekushika pande zote. Sasa ishike kwa mikono miwili, isukume kushoto na kulia, huku ukijitazama kwenye kioo. Angalia ngozi ya paji lako: inatakiwa isogee pamoja na helmeti. Ikiwa helmeti inateleza na ngozi imetulia, bado ni kubwa. Kaa nayo kama dakika kumi kisha uivue. Wekundu au alama hafifu iliyoenea sawa si neno. Alama kali mahali pamoja, hapo patakuuma kabla ya kipindi cha kwanza kuisha, na mchezaji anayeumwa huilegeza helmeti yake.

Mkanda wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja tu. Kama unatumia wavu wa usoni, ufunge kabla hujaamua, kwa sababu kikalio chake cha kidevuni kinaweza kuisukuma helmeti nyuma.

Ndani mtakuta sponji za aina mbalimbali. Ya VN (vinyl nitrile) ni laini zaidi, hubonyea na kurudi. Ya EPP (aina ya plastiki iliyoumuliwa) ni nyepesi na ngumu zaidi, na haifuati sana umbo la kichwa. Sitawachosha kwa hayo. Mimi ningeanza na ile inayokukaa.

Lakini jambo moja nisilipitie juu juu. Helmeti hukinga fuvu lisipasuke, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Mtikisiko wa ubongo ni habari nyingine: kichwa kikizungushwa ghafla, ubongo nao husukwa ndani ya fuvu, hata kama nje hakuna mkwaruzo. Hakuna helmeti inayoweza kukuahidi kwamba hutapata mtikisiko. Aliyegongwa akaona kizunguzungu, kichefuchefu au ukungu machoni atoke barafuni na aonwe na daktari, hata kama helmeti yake ni mpya kabisa.

Mzazi, usinunue helmeti kubwa ili mtoto aikulie. Viatu pengine, helmeti hapana. Na ukipewa iliyotumika, igeuze utafute stika ya usalama ya HECC (ya Marekani), CSA (ya Kanada) au alama ya CE (ya Ulaya). Muda wa stika ya HECC huisha miaka 6 na nusu baada ya helmeti kutengenezwa. Gamba likiwa na ufa, au sponji imekauka na kubanduka, itupe. Usiipake rangi wala usiitoboe matundu ya ziada; rangi nyingine hudhoofisha plastiki bila kuonyesha dalili yoyote.

Haya, walio na helmeti waje hapa mbele. Futi ninayo, na bisibisi ninayo. Tuanze na wadogo.