Mabawa Kifuani, Kiti cha Plastiki Nyumbani

(Mhadhara kwa marubani wapya wa helikopta za jeshi na wazazi wao, Mtwara. Maneno yameachwa yalivyosemwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika 40, na mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameweka saa mezani mbele yangu. (Vicheko.)

Helikopta inavyoruka sitaeleza, hilo mmeshaelezwa vya kutosha. Mliokuja leo mna kijana aliyehitimu, au ni nyinyi wenyewe. Mabawa yameshabandikwa kifuani, kituo hakijatoka. Mtaa mzima unamwambia, "Pumzika mwanangu, umehangaika." Wiki mbili, sawa. Mwezi, haya. Mwezi wa nne ukimkuta bado yuko kijiweni Shangani anasimulia alivyorusha, hapo mimi naye tunagombana.

Watu wanadhani mikono ndiyo inayosahau. Hapana. Mvuvi wa Mikindani aliyekaa nchi kavu mwaka mzima, ukimpa kasia hataliuliza linashikwaje. Mikono ya rubani ni hivyo hivyo: mrudishe kwenye usukani, saa ya kwanza atayumba, ya tatu ametulia. Kinachoondoka mapema, tena bila kuaga, ni mpangilio: hatua ipi inatangulia ipi, namba ipi ndiyo mpaka. Na ubaya wake ni kwamba mwenyewe hajui kama kimeondoka. Mikono mizito utaihisi. Hatua iliyoruka kichwani haina maumivu.

Chukueni injini iliyozima, kwenye helikopta ya mafunzo ya injini moja, tuseme Bell 206. Rota yake, yale mapanga makubwa ya juu, ikitazamwa kutoka juu inazunguka kinyume na mshale wa saa, kwa hiyo injini ikifa pua inakimbilia kushoto. Kengele inalia. Hatua ya kwanza kabisa ni mkono wa kushoto: kolektivu chini, mpaka mwisho. Kwa wasioijua, kolektivu ni wenzo unaokaa kama breki ya mkono ya gari, na ndio unaobadilisha ulalo wa mapanga ya rota yote kwa pamoja. Ukiushusha, upepo unaopanda kutoka chini ndio unaoendelea kuizungusha rota. Kisha mguu wa kulia kwenye pedali, kuirudisha pua. Kisha saikliki, wenzo wa mkono wa kulia unaoielekeza helikopta, kuitafuta kasi ya noti 60 hivi, kama kilomita 110 kwa saa. Macho kwenye geji ya rota: isipungue asilimia 90, isizidi 107. Halafu ndiyo utafute pa kutua.

Sasa mwili wa binadamu unataka kinyume. Ardhi inapanda, na mkono wa kushoto unatamani kuvuta juu, kwa sababu siku zote kuvuta juu ndiko kupanda. Ukivuta, mapanga yanakaba hewa, mizunguko inashuka, na ikishuka kupita kiasi hairudi. Hakuna cha kuirudishia, injini imekufa. Ukiwa futi 500 una sekunde zisizofika 20 mpaka chini, na uamuzi wa kolektivu ni wa sekunde moja au mbili za mwanzo. Hapo hakuna kufungua kitabu.

Ndiyo maana ninahubiri kiti cha plastiki. Najua mnacheka, chekeni. Kile cheupe cha sebuleni, chenye mikono. Ufito wa urefu wa mkono, uulaze kushoto kwenye usawa wa paja: hiyo kolektivu. Mpini wa fagio katikati ya magoti: saikliki. Matofali mawili au kandambili zako: pedali. Mbele yako ukutani, chora geji kwa mkono, kila moja mahali pake, saizi yake. Mdogo wako ashike karatasi yenye majina ya dharura, zimechanganywa. Wewe "unaruka" kwa sauti: "futi 500, noti 80, Mikindani kushoto." Yeye anakatiza akitaka, anasoma moja: injini imezima. Mkono uende, mguu uende, mdomo useme, macho yapande kwenye geji uliyoichora.

Makosa ya zoezi hili ni matatu, na wote wanayafanya. Wanalifanya kimya. Ukinyamaza unajidanganya, akili inaruka hatua na kukupa alama kamili. Wanatazama sakafu, kwa hiyo siku ya kweli mkono unafanya lakini macho hayajui pa kwenda. La tatu, wanazijua dharura zinavyofuatana, wanacheza kama tenzi waliyoikariri. Ndiyo maana mdogo wako achanganye. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi.

Kuna atakayeniuliza: mheshimiwa, kitabu cha ndege ni mali ya jeshi, tutakipiga picha? Msikipige picha, na mkikipiga msilete kesi kwangu. Karatasi tupu inatosha. Kila Jumatatu andika mipaka yote unayoikumbuka: joto la injini, shinikizo la mafuta, mizunguko, upepo wa kuwashia rota. Usichokikumbuka acha wazi, ukienda kambini ukalinganishe. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, mipaka hiyo iko sura ya 5 ya kitabu cha rubani na dharura ziko sura ya 9, na marubani wao wanahojiwa sura hizo mbili miaka yote ya utumishi. Tena aliyetoka Fort Rucker, kambi yao ya kufundishia marubani, na cheti kipya anafika kikosini akiwa ngazi ya 3, ya chini, ndipo apandishwe 2, halafu 1. Cheti hakikumzuia kuanza chini.

Mwingine anasema, simyuleta ipo, ile mashine ya kuigizia kuruka. Ipo wapi? Ipo Ligula? (Vicheko.) Na msidhani kusubiri ni shida yetu peke yetu. Wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza waliripoti mwaka 2019 kwamba mafunzo ya marubani na wanajeshi wengine wa ndege yalichukua wastani wa miaka 7.1, badala ya 3.9 iliyokusudiwa. Wenye fedha na viwanja nao walikaa benchi.

Joto. Hili wanaojifunzia nchi za baridi hulisahau wakirudi. Kwenye usawa wa bahari, kila digrii inayozidi 15 ongeza futi 120 kwenye urefu ambao mashine inajihisi iko. Mikindani, digrii 32: 17 mara 120, futi 2,040. Mashine iko ufukweni, lakini rota na injini zinahisi ziko juu ya mlima wa mita 600, na unyevu wa pwani unaongeza kidogo. Asubuhi ya digrii 5 ulikojifunzia, hesabu ile ile inakupa futi 1,200 chini ya bahari. Tofauti ya futi zaidi ya 3,000 kwa helikopta ile ile, abiria wale wale. Barabara ya Dar ikikatika tena Somanga kama Mei 2024, atakayetumwa kubeba wagonjwa na magunia ataifanya hesabu hii kabla ya kupakia. Fanyeni kila siku, soma joto kwenye simu, andika. Haina gharama.

Mwenyekiti ananyanyua saa. Haraka basi. Kutua na mzigo: kushuka zaidi ya futi 300 kwa dakika huku kasi ni ya mtu anayetembea na nguvu umeivuta, rota inazama kwenye upepo wake yenyewe, na ukiongeza kolektivu unazama zaidi, toka kwa saikliki mbele. Vumbi: la mchanga wa huku linakufunika futi za mwisho, kwa hiyo chagua kichaka au jiwe la kukazia macho kabla halijapanda. Miwani ya usiku nilitaka niikalie robo saa. Wamarekani wanadai saa moja angalau ya kuruka nayo kila siku 60, mengine tutazungumza nje. Nyaya za umeme, nje pia.

Kile kiti chekundu cha nyuma, nileteeni mbele. Na ufagio. Kijana uliyenuna tangu tuanze, njoo ukae. Mama, wewe shika karatasi.